Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Je, Seli ya Saratani Ina Hatia?

Homa humpanda mtu, mafua humshika, lakini saratani tunaitaja kwa maneno ya askari na mahakama. Tunasema inavamia, inashambulia, inaua. Mgonjwa tunamwambia apambane. Akipona tunasema ameshinda, akifa tunasema ameshindwa. Maneno haya yamezoeleka kiasi kwamba hatuoni tena kuwa yamebeba hukumu ndani yake. Yanatuambia kwamba yupo adui, kwamba adui huyo ana nia mbaya, na kwamba anayeugua ni mpiganaji ambaye matokeo ya vita yanategemea ushujaa wake.

Katika insha hii nataka kuichunguza hukumu hiyo. Nitauliza swali linaloweza kuonekana la kitoto: je, seli ya saratani ina hatia? Na kama haina, hatia tunayoizungumza kila siku katika familia zetu na kwenye korido za hospitali inatoka wapi, na inamwangukia nani? Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, si wa tiba. Mambo ya biolojia nimeyasoma vitabuni na kuwauliza wenzangu wa sayansi. Lakini naamini swali lenyewe ni letu sote, kwa sababu ni swali la maneno, na maneno haya huwaumiza watu.

Tuanze kwa kutazama kazi yenyewe ya seli kujigawa, maana hapo ndipo tunaposema uovu wa saratani umelala.

Seli ya kawaida ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46. Kabla ya kujigawa, hutengeneza nakala ya kila kromosomu. Baada ya hapo inabaki kazi ngumu: kuzitenganisha nakala hizo ili kila seli mpya ipate 46 zake, bila kupungua wala kuzidi. Kazi hii hufanyika juu ya nyuzi nyembamba ziitwazo mikrotubuli, ambazo hurefuka na kufupika kwa kuongezewa na kupunguziwa vipande vya protini iitwayo tubulini. Lakini nyuzi peke yake ni barabara tu. Wanaosafiri juu yake ni protini mota.

Protini mota ni molekuli zinazochukua nishati kutoka katika kemikali iitwayo ATP na kuigeuza kuwa mwendo. Dainini ilipewa jina na Ian Gibbons na Arthur Rowe mwaka 1965. Kinesini ilitambuliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, waliokuwa wakichunguza neva nene ya ngisi huko Woods Hole, Marekani. Kinesini ya kawaida hutembea juu ya uzi kama mtu mwenye miguu miwili. Kila hatua ni nanomita 8, na kila hatua hugharimu molekuli moja ya ATP. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukiwaona wachukuzi wa soko la Owino hapa Kampala wakipenya katikati ya watu na marobota ya mitumba vichwani, umepata picha isiyo mbali sana na ukweli: mzigo mkubwa, mbebaji mdogo, njia nyembamba, na hakuna kusimama.

Wakati wa kujigawa, mota hizi hugawana kazi. Kinesini moja iitwayo Eg5 hushika nyuzi mbili zinazoelekeana na kuzisukuma zitengane, ili seli ipate pande mbili za kuvutia. Dainini huvuta upande wake. Nyingine, iitwayo CENP-E, hubeba kromosomu zilizochelewa na kuzifikisha katikati. Tena upo ulinzi. Kromosomu ambayo haijashikwa vizuri na nyuzi hutoa ishara ya kuzuia, na ishara ya kromosomu moja tu huweza kuichelewesha seli nzima isiendelee. Ni kama baraza la wazee lisilofunga kikao mpaka kila mtu aliyeitwa awe amefika.

Hakuna msimamizi anayetoa amri. Mota haijui inabeba nini wala inampelekea nani. Kazi hii ndiyo iliyomtoa kila mmoja wetu katika seli moja tumboni mwa mama yake hadi akawa mtu mzima. Ndiyo inayoendelea sasa hivi ndani ya uboho wa mifupa yako, msomaji, ambako mwili hutengeneza takriban chembe nyekundu za damu milioni 2 kila sekunde. Siku mota hizi zikigoma, hutaishi muda mrefu.

Sasa tuje kwenye saratani, na nachukua mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Kiafrika. Ugonjwa huo leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni miongoni mwa uvimbe unaokua kwa kasi kubwa kuliko mwingine wote kwa binadamu. Unaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja hadi mbili. Katika seli zake, kipande cha kromosomu namba 8 kimekatika na kuungana na kromosomu nyingine, mara nyingi namba 14. Kwa sababu hiyo jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuihimiza seli ikue na kujigawa, hubaki imewashwa bila kuzimwa.

Lakini ukiingia ndani ya seli hiyo wakati inajigawa, utawakuta wachukuzi wale wale. Eg5 ni ile ile. Dainini ni ile ile. Zimetengenezwa kwa maelekezo aliyoyarithi mtoto kutoka kwa baba na mama yake. Ni kweli kwamba katika saratani nyingi baadhi ya mota huwa nyingi kupita kiasi, na hesabu ya kromosomu huharibika, seli moja ikapata 50 na nyingine 41. Theodor Boveri, mwanabiolojia wa Ujerumani, alipendekeza tangu mwaka 1914 kwamba chanzo cha uvimbe mbaya huenda ni mgawanyo mbovu wa kromosomu. Lakini kuzidi na kukosea si sawa na kuwa mgeni. Mchukuzi aliyeambiwa abebe marobota kumi badala ya mawili hajawa mwizi. Amebeba alichopewa.

Waswahili wana methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako. Nilipoanza kusoma habari hizi niliona methali hiyo inatosha kueleza saratani yote. Nilipoendelea kusoma niliona hata yenyewe haifiki mbali vya kutosha. Anayekula nguoni ni chawa, na chawa, hata akiishi kwenye mshono wa shati lako miaka kumi, bado ni mgeni. Unaweza kumtoa, ukamponda kwa kucha, ukavaa shati lako. Saratani si chawa. Ni nguo yenyewe inayoendelea kujifuma baada ya fundi kusema basi. Uzi ni wako na sindano ni yako. Kinachokosekana ni kusikia lile neno basi.

Kama hivyo ndivyo, hatia iko wapi?

Jibu la kwanza ni kwamba iko kwenye seli. Jibu hili haliwezi kusimama. Ili tuseme mtu ana hatia, tunahitaji angalau kwamba alijua, au alipaswa kujua, na kwamba angeweza kutenda vingine. Seli haina mambo hayo. Jeni MYC iliyowashwa haichagui kubaki imewashwa, na kinesini haichagui kutembea.

Hapa rafiki yangu mmoja alinipinga kwa hoja ambayo nimeihangaikia kwa muda mrefu. Alisema: “Mkono wa mwizi nao huendeshwa na protini mota. Misuli yake hukaza kwa sababu ya miosini, nayo pia hula ATP na kupiga hatua. Kama unaiachia seli kwa kuwa ni mashine, muachie na mwizi.” Ni hoja yenye meno. Lakini nadhani inatufundisha kitu tofauti na alichokusudia. Hatujawahi kuishtaki miosini ya mwizi. Hata mtu asiyejua kabisa kwamba kuna kitu kiitwacho miosini anamshtaki mwizi, wala hakosei. Hatia haikai kwenye ngazi ya mota. Inakaa kwenye ngazi ya yule tunayeweza kumuuliza “Kwa nini umefanya hivi?” akatupa jibu, liwe la kweli au la uongo. Mwizi anaulizika. Seli haiulizwi. Tofauti yao haiko katika vitu vilivyowatengeneza, kwa maana vitu ni hivyo hivyo. Iko katika kuwepo kwa mtu wa kusimama na kujieleza.

Jibu la pili ni baya zaidi, nalo ndilo la kawaida zaidi: hatia iko kwa mgonjwa, au kwa mtu fulani aliyemwonea. Mama yangu mdogo alipoambiwa ana saratani ya titi, wageni walifika nyumbani kumpa pole kama desturi ilivyo. Wachache walimuuliza anaumwa wapi. Wengi walimuuliza, kwa sauti ya chini, amekosana na nani. Mmoja alimshauri atubu, bila kutaja dhambi. Kwa wiki kadhaa mama mdogo alikuwa akijihesabia makosa ya ujana wake kama mtu anayepekua daftari la madeni. Alikuwa akipimwa na kuandaliwa matibabu, lakini kilichomnyima usingizi kilikuwa lile swali: nimemkosea nani?

Sisemi wageni wale walikuwa wajinga. Mwaka 1937 Evans-Pritchard alichapisha kitabu kuhusu Wazande, ambao leo wanaishi Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Humo alieleza habari ya ghala la nafaka linalowaangukia watu waliokaa chini yake kupumzika kivulini. Wazande wanajua vizuri kwamba nguzo zililiwa na mchwa. Hawabishani na mchwa. Swali lao ni jingine: kwa nini ghala lianguke saa hii, juu ya watu hawa? Mchwa anajibu swali la namna gani. Uchawi unajibu swali la kwa nini mimi. Wageni wa mama mdogo waliuliza swali la pili. Hata daktari akieleza kinesini kutoka asubuhi hadi jioni, atakuwa amejibu la kwanza tu.

Basi tulijibu la pili kwa uaminifu. Kwa nini yeye? Kwa sehemu kubwa jibu ni kwamba hakuna kwa nini ya aina hiyo. Mwaka 2015 Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein walionyesha kwamba viungo ambavyo seli zake za msingi hujigawa mara nyingi zaidi kwa kawaida ndivyo vinavyopata saratani zaidi. Wapo wataalamu waliobishana nao juu ya kiasi, lakini msingi unaeleweka: kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea, na mwili hauwezi kuishi bila migawanyiko. Anayejigawa ndiye anayeweza kukosea, na sisi sote tunajigawa. Kumwambia mwanamke kwamba anaugua kwa sababu alimkosea mtu ni kumtungia deni ambalo hakulikopa.

Najua nitaambiwa: mbona tumbaku husababisha saratani? Mbona kuna virusi? Ni kweli. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika seli za limfoma ya Burkitt zilizotoka hapa Uganda, vinahusika na ugonjwa huo, na malaria nayo inachangia. Saratani ya mlango wa kizazi hutokana na virusi vinavyoweza kukingwa kwa chanjo. Lakini tuangalie vizuri maana ya mambo haya. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana virusi vya Epstein-Barr, na walio wengi hawapati limfoma hiyo kamwe. Sababu inayoongeza uwezekano si hukumu. Mambo haya yanaonyesha mahali ambapo kweli pana watu wa kuulizwa. Anayeuza sigara kwa watoto anaulizika. Serikali isiyofikisha chanjo kijijini inaulizika. Anayemshikilia mgonjwa miezi sita kwa dawa za kumtafuta mchawi, mpaka uvimbe ukawa mkubwa, naye anaulizika. Tukiacha kuirusha hatia kwa seli na kwa mgonjwa, ndipo tutaiona inapostahili kukaa.

Jibu la tatu, ambalo ndilo ninalolitetea, ni kwamba swali la maadili haliko katika ugonjwa bali katika namna tunavyoutibu. Hapa zile protini mota zinarudi, na zinaleta tatizo gumu.

Miongoni mwa dawa za limfoma ya Burkitt ni vinkristini, inayopatikana katika mmea wa Madagaska, Catharanthus roseus, wenye maua ya waridi ambayo wengi wetu tumeyaona yakipandwa kama pambo mbele ya nyumba. Vinkristini hushika tubulini na kuzuia nyuzi zisijengeke. Barabara ikibomoka, wachukuzi hawana pa kupita, na seli inayojigawa hukwama na kufa. Lakini nyuzi hizo hizo ndizo zilizo ndani ya neva. Kutoka uti wa mgongo hadi kidole cha mguu neva moja huweza kufika karibu mita nzima, na kinesini hutembea humo ikipeleka mahitaji. Ndiyo maana mgonjwa anayepewa vinkristini huweza kupata ganzi ya vidole, akashindwa kufunga vifungo vya shati.

Wanasayansi waliwaza: badala ya kuibomoa barabara, kwa nini tusimsimamishe mchukuzi mmoja? Mwaka 1999 Thomas Mayer na wenzake nchini Marekani walitangaza molekuli waliyoiita monastroli, inayoizuia Eg5. Seli iliyopewa monastroli hushindwa kutenganisha pande zake mbili, kromosomu zikabaki zimeizunguka ncha moja kama miali ya nyota. Kwa kuwa Eg5 kazi yake kubwa ni katika kujigawa, ilitarajiwa kwamba neva zingepona. Dawa kama ispinesibu zikajaribiwa kwa wagonjwa. Neva kweli zilisalimika kwa kiasi kikubwa, lakini uvimbe mwingi haukupungua kama ilivyotumainiwa, na chembe nyeupe za damu zikashuka. Sababu yake tumeshaiona: uboho nao unajigawa, tena kila siku, na unamtumia mchukuzi yule yule.

Hapa ndipo wanafalsafa wa maadili huleta kanuni ambayo mizizi yake ni kwa Thomas Aquinas wa karne ya 13: tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, moja lililokusudiwa na jingine lililoonekana kimbele bila kukusudiwa. Daktari anakusudia kuua uvimbe. Kuharibika kwa uboho hakukusudii, anakuvumilia tu. Kwa kanuni hii daktari hana hatia.

Nakubali kwamba hana hatia, lakini sidhani kanuni hii inamaliza jambo. Dawa ya kuzuia Eg5 haiupigi uvimbe kwanza kisha ikateleza na kuugusa uboho. Inapiga kitu kimoja, yaani kujigawa, popote kilipo. Utengano wa lililokusudiwa na lisilokusudiwa upo kichwani mwa daktari. Ndani ya chupa ya dawa haupo. Tukisema uhalali wa tiba unatoka katika nia njema ya daktari peke yake, tumeujenga juu ya kitu ambacho mgonjwa hawezi kukiona wala kukishika. Anachokishika ni vidole vyenye ganzi.

Fikirini kamanda anayekipiga kwa mizinga kijiji walichojificha maadui. Hata akisema hakuwakusudia wanakijiji, tutamuuliza nani alimruhusu. Katika saratani, kijiji na waliojificha ndani yake ni mtu mmoja. Seli za uboho hazina haki zake zenyewe ambazo daktari anazivunja; mwenye haki ni yule mtu mzima ambaye uboho ni wake. Kwa hiyo ruhusa inaweza kutoka kwake tu, au kwa wazazi wake kama ni mtoto. Nia njema ya daktari ni lazima, lakini kinachoifanya sindano iwe tiba na isiwe dhuluma ni kwamba mwenye mwili ameelewa gharama na amekubali kuilipa.

Na kukubali bila kuelewa si kukubali. Saini chini ya karatasi iliyoandikwa kwa lugha ambayo mgonjwa haisomi ni wino tu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, hupokea wagonjwa wa makabila yote ya nchi hii na wengine kutoka nchi jirani. Mtu wa Bunia na mtu wa Arua wanaweza kulala vitanda viwili vilivyokaribiana, na lugha inayowaunganisha ikawa Kiswahili. Mtu kama huyo akiambiwa tu kwamba dawa itamuua adui, amepewa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni ile isiyomsaidia kuamua. Ganzi ikija atadhani adui amehamia miguuni. Homa ikija kwa sababu chembe nyeupe zimeshuka, anaweza kukaa nyumbani akingoja ipite, na homa hiyo ikamuua. Lakini akiambiwa kwamba dawa huzuia seli zisijigawe, na kwamba nywele, utumbo na damu navyo huishi kwa kujigawa, anaelewa yote kwa pamoja. Hakuna neno gumu katika maelezo hayo. Bibi yangu asiyejua kusoma angeyafahamu.

Yako maendeleo ambayo yananipa moyo katika jambo hili. Seli nyingi za saratani zina sentrosomu za ziada, na zingetarajiwa kujichana vipande vitatu au vinne wakati wa kujigawa. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba mota iitwayo HSET huzikusanya sentrosomu hizo ziwe pande mbili, na seli ya kawaida huihitaji kidogo sana kwa kazi hiyo. Mwaka 2021 maabara kadhaa zilichapisha kwamba seli zenye hesabu mbovu ya kromosomu huitegemea sana mota nyingine, KIF18A. Panya wasio na mota hiyo inayofanya kazi huishi, ingawa madume huwa tasa. Dawa za kuizuia zimeanza kujaribiwa kwa watu. Bado ni mapema kusema zitafika wapi. Ninachokiona ni kwamba maswali ya namna hii hayaulizi adui yuko wapi. Yanauliza seli hii, ndugu ya nyingine zote, imelemea wapi, na inategemea nini ambacho wenzake wanaweza kuishi bila hicho.

Mtu anaweza kunijibu kwamba maneno ya vita huwapa wagonjwa nguvu. Susan Sontag, aliyewahi kuugua saratani mwenyewe, aliyapinga maneno hayo katika kitabu chake cha mwaka 1978, lakini wagonjwa wengi wameendelea kuyapenda. Siwezi kumnyang’anya mgonjwa neno lake. Akisema “Ninapigana”, nitasema naye “Pigana.” Mwili ni wake na lugha ya kuusemea ni yake. Ninachokikataa ni sisi wengine kumvika magwanda ambayo hakuyaomba. Maana tukisema waliopona ni washindi, itatubidi kuwaita marehemu wetu walioshindwa, ilhali tunawajua, na tunajua kwamba hawakukosa ushujaa.

Sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi hizi mara nyingi tunaulizwa lugha hii itatufaa nini, hasa na wenzetu wa sayansi. Napendekeza kazi moja. Tukae nao, mwanafunzi mmoja wa lugha na mmoja wa tiba, tuandike karatasi moja tu kwa kila dawa ya saratani inayotolewa hapa: inazuia nini, itagusa sehemu gani nyingine za mwili na kwa nini, na dalili ipi ikimpata mgonjwa asingoje kesho. Katika karatasi hiyo neno adui lisiwemo. Na mahali fulani juu kabisa, kabla ya maelezo ya dawa, iandikwe sentensi ambayo mama mdogo alikaa wiki kadhaa bila kuisikia kutoka kwa mtu yeyote: ugonjwa huu si adhabu, na hukumkosea mtu.